Wapi Pameandikwa Asije?

Anauza viazi pale Uyole, Mbeya, njia panda ya kwenda Tukuyu. Mwezi Machi mume wake alihukumiwa kifungo cha miezi tisa kwa kosa la shambulio la kudhuru mwili, baada ya kumvunja mkono wa kushoto kwa mpini wa jembe. Mama huyu akahesabu kwa vidole: Aprili, Mei, Juni, mpaka Desemba. Akajipangia kwamba Desemba, watoto wakifunga shule, atakuwa ameshapata pa kuhamia. Hakuna aliyemwambia kwamba mfungwa mwenye tabia njema hupunguziwa theluthi ya kifungo chake. Septemba, siku yenye ule upepo wa Uyole unaoingiza vumbi mpaka ndani ya magunia, aliinua macho akamwona mume wake amekaa juu ya debe lililogeuzwa, hatua nne kutoka kwenye meza yake. Hakusema neno. Alikaa hapo mpaka jua likazama. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa pia.

Siku ya nne mama huyu alikwenda kituo cha polisi.

"Amekufanya nini?" askari akamuuliza.

"Hajanifanya kitu, afande. Anakaa tu."

"Sasa mama, tumkamate kwa kosa gani? La kukaa?"

Alikuja kwangu jioni ile na bahasha ya kaki iliyokwisha kulainika kwa kukunjwakunjwa. Ndani mlikuwa na fomu yake ya PF3, ile ya polisi ya kupatia matibabu, kadi ya kliniki ya mtoto wa mwisho, na nakala ya hukumu. Hukumu ilikuwa ya Kiswahili, na kwa hilo nayashukuru mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Aliisoma mwenyewe, kidole kikifuata mstari mmoja baada ya mwingine, hadi pale mwisho panapotajwa kifungo na haki ya rufaa. Kisha akanitazama. "Dada, hapa wapi pameandikwa asije?"

Hapakuwa pameandikwa popote.

Askari yule simlaumu sana. Kukaa juu ya debe sokoni si jinai, na mfungwa aliyemaliza kifungo chake ni mtu huru. Kinachonisumbua ni kwamba kulikuwa na wakati ambapo mtu huyuhuyu alikuwa amekatazwa kufika sokoni, na akatii. Kabla ya hukumu alikuwa nje kwa dhamana kwa miezi mitano. Hakimu alimwekea sharti kwamba asifike eneo la biashara la mlalamikaji wala asiwasiliane naye. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, iliyotungwa mwaka 1985, inaruhusu hilo waziwazi. Katika masharti ya dhamana, mahakama inaweza kumtaka mshtakiwa aripoti polisi kwa vipindi, asiende mahali fulani, asikutane na watu fulani. Akivunja sharti, dhamana inafutwa na anarudi mahabusu. Kwa miezi mitano, mama huyu aliuza viazi bila kugeuka nyuma.

Siku hukumu iliposomwa, dhamana ilikoma, na sharti lile likafa pamoja nayo. Hebu tulitafakari jambo hili polepole. Mtu alipokuwa bado anahesabiwa hana hatia, mahakama iliweza kumwambia asimsogelee mwanamke huyu. Ilipothibitika bila shaka yoyote kwamba ndiye aliyemvunja mkono, mahakama haikuwa na neno la kusema kuhusu kumsogelea. Ulinzi ulikuwepo wakati wa tuhuma, ukaondoka pamoja na ushahidi kukamilika. Sijapata mtu wa sheria anayeweza kunieleza kwa nini iwe hivyo, isipokuwa kwamba ndivyo sheria ilivyopangwa.

Wengi huchukulia kwamba kifungo chenyewe ndicho ulinzi. Ni ulinzi kweli, ila wa muda ambao haukuwa na hatari kubwa. Anayesindikiza wanawake mahakamani kwa miaka kadhaa, kama nilivyofanya mimi katika mkoa huu na Iringa, hujifunza kwamba wiki za kuogopwa ni zile za kwanza baada ya geti la gereza kufunguliwa. Mwanaume anatoka na hasira iliyokomaa, amepoteza msimu wa kilimo, ameaibika mbele ya ukoo, na ndugu zake wamekuwa wakimwambia kila walipomtembelea kwamba ni mke wake aliyemweka ndani. Jamhuri ndiyo iliyomshtaki, lakini kijijini Jamhuri haina sura. Sura inayoonekana ni ya yule mama aliyesimama kizimbani.

Na kizimbani penyewe, mama ni nani? Kwenye jalada kesi ni ya Jamhuri dhidi ya fulani. Yeye ni shahidi wa kwanza wa upande wa mashtaka. Akishatoa ushahidi na kuhojiwa, kazi yake imekwisha, na siku ya hukumu anaweza hata asijue kama kesi ipo. Nimekaa kwenye mabenchi yale siku za kutoa adhabu. Hakimu humuuliza mwendesha mashtaka kama kuna kumbukumbu za makosa ya nyuma, halafu humgeukia mshtakiwa aseme kwa nini apunguziwe adhabu. Maneno karibu huwa yaleyale: "Mheshimiwa, naomba mahakama yako inionee huruma, nina mke na watoto wananitegemea." Siku moja nilimtazama mke anayetajwa. Alikuwa benchi la nyuma, mkono umefungwa bandeji, mtoto mapajani. Alikuwa ametumiwa kama sababu ya kumhurumia mtu aliyempiga, na hakuna aliyemgeukia kumuuliza kama ni kweli, au kama anaogopa, au kama ana mahali pa kulala mtu huyo akirudi.

Sheria haimkatazi hakimu kumuuliza. Sheria ileile ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaruhusu mahakama, kabla ya kutoa adhabu, kupokea ushahidi inaoona unafaa ili ijue adhabu stahiki. Swali moja kwa mlalamikaji, "unaishi wapi na unaogopa nini," lingeingia humo bila kulazimisha kitu. Mwendesha mashtaka naye anaweza kuliomba. Sijawahi kumsikia akiliomba.

Vipo vifaa vingine ndani ya sheria yetu ambavyo vimelala. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inapotaja aina za adhabu inataja kifo, kifungo, viboko, faini, utaifishaji, fidia, na halafu jambo ambalo watu wengi husoma na kupita: kuweka dhamana ya kulinda amani na kuwa na mwenendo mwema. Mahakama inaweza kumtaka mtu aliyetiwa hatiani, pamoja na adhabu nyingine au badala yake, aweke ahadi ya fedha, yenye wadhamini au bila wadhamini, kwamba atalinda amani kwa muda utakaotajwa. Hiki ndicho kitu cha karibu zaidi tulicho nacho na amri ya ulinzi wakati wa kutoa adhabu. Upungufu wake ni kwamba inazungumzia amani kwa jumla. Haimtaji mwanamke, haitaji soko wala shule ya watoto. Ikivunjwa, kinachopotea ni fedha, nazo haziendi kwa aliyevunjwa mkono. Hata hivyo hakimu mwenye nia angeweza kuanzia hapo, na ninashangaa kwa nini chombo hiki kinatumika kwa nadra hivi kwenye kesi za kupigana ndani ya nyumba, ambako ndiko kinakohitajika kuliko kwingine.

Kuna kuachiwa kwa masharti pia. Mkosaji wa mara ya kwanza anaweza kuachiwa bila adhabu kwa sharti la kutotenda kosa jingine ndani ya muda usiozidi miezi 12. Maana yake ni kwamba aliyetenda kosa dogo hutembea na sharti mgongoni mwaka mzima, na aliyetenda kubwa zaidi akafungwa, hutoka bila sharti lolote.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuwa mbele ya wakati wake kwa mambo mawili yanayohusika hapa. Kifungu cha 66 kinasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Na mahakama inayosikiliza shauri la ndoa ina mamlaka ya kumwamuru mtu aache kumlazimisha mwenzi wake, au aliyekuwa mwenzi wake, kukaa naye, na aache kumbughudhi. Amri hiyo ingemfaa kabisa mama wa Uyole. Lakini ili aipate ni lazima afungue shauri la ndoa, kama ni la talaka aanzie kwenye baraza la usuluhishi, alipe nauli za kwenda na kurudi, na amweleze hakimu mwingine habari zilezile alizokwisha kumweleza wa kwanza. Mahakama ya jinai ilikuwa na ushahidi wote mezani, daktari ameshasema, PF3 imeshapokelewa kama kielelezo. Kumwambia sasa akaanze upya mlango wa pili ni kumchosha mtu aliyekwisha kuchoka. Na si wote waliopigwa ni wake wa ndoa. Kuna hawara, kuna dada aliyegombania shamba na kaka yake, kuna mama mzazi anayepigwa na mwanawe. Sheria ya Ndoa haina la kuwaambia.

Wenzetu wameshaliona pengo hili. Uganda ilitunga sheria ya ukatili wa majumbani mwaka 2010, Kenya mwaka 2015, na mwaka mmoja kabla ya hapo Kenya ilikuwa na sheria ya kuwalinda waathirika wa makosa. Sisi Tanzania Bara hatuna sheria maalumu ya ukatili wa majumbani mpaka leo tunapoandika haya. Tuna mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ulioanza mwaka 2017, na tuna madawati ya jinsia na watoto kwenye vituo vya polisi, ambayo yamefanya kazi kubwa. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015/16 ulionesha kuwa wanawake 40 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili. Dawati linapokea malalamiko. Kinachokosekana ni karatasi ambayo afande wa dawati ataishika na kusema: huyu hapaswi kuwa hapa.

Afrika Kusini, kwa sheria yake ya mwaka 1998, ilifikiria hata swali la afande yule. Mahakama ikitoa amri ya ulinzi, hutoa papo hapo hati ya kumkamata mhusika, ikiwa imesimamishwa. Akivunja amri, mlalamikaji anakwenda na hati polisi, na swali la "kwa kosa gani" linakuwa limeshajibiwa kabla halijaulizwa. Uingereza hakimu wa jinai anaweza kutoa zuio siku ileile ya adhabu, na kulivunja ni kosa linaloweza kumpeleka mtu gerezani hadi miaka mitano. Jimbo la New York limekwenda hatua ambayo mimi naiona ndiyo ya busara kuliko zote: kwa makosa makubwa, amri ya ulinzi inaweza kudumu hadi miaka minane kuanzia tarehe ambayo kifungo kilichotolewa kinaisha. Hesabu inaanza pale hatari inapoanza. Waingereza wanaruhusu zuio hata kwa mtu aliyeachiwa huru na mahakama. Hapo mimi sifiki. Kwa hali ya mahakama zetu, kumwekea mipaka mtu ambaye Jamhuri imeshindwa kuthibitisha kosa lake kungefungua mlango wa visasi vya mashamba, na mashamba huku kwetu ni chanzo cha kesi nyingi za uongo.

Lakini tusichukue amri ya mjini New York tukaibandika Rungwe. Amri za huko huweza kuhesabu umbali: usimsogelee kwa hatua kadhaa. Jaribu kupima umbali huo Tukuyu, ambako nyumba ya kaka na ya mdogo zimetenganishwa na mstari wa migomba, au vijiji vya Mufindi vilivyobanwa na mashamba ya chai, ambako njia ya kwenda zahanati ni moja. Amri ya namna hiyo itavunjwa siku ya kwanza bila mtu kukusudia, na amri inayovunjwa bila kukusudia hufa haraka. Inayotufaa ni ile inayotaja mahali kwa jina lake: meza ya viazi ya Uyole, geti la shule wanakosoma watoto, kisima, nyumba ya wazazi wake. Itaje na siku, kwa sababu sehemu nyingi gulio ni mara moja kwa wiki, na haki haitaki mwanaume naye anyimwe pa kununua chumvi. Nakala iende kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji, maana hao ndio watakaoitwa saa tatu usiku, muda mrefu kabla polisi hawajapata gari.

Halafu lipo la nyumba. Sehemu kubwa ya Nyanda za Juu Kusini mwanamke huolewa akahamia kwa ukoo wa mume. Likitokea la kutokea, anayeondoka ni yeye, na watoto wanaacha shule katikati ya muhula. Nimesikia mzee mmoja Iringa akisema kwa dhati kabisa kwamba mwanaume hawezi kufukuzwa kwenye ardhi ya babu yake. Namwelewa mzee yule, na ardhi haimwondoki mwanawe kwa amri ya mahakama. Umiliki unabaki palepale. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 59, tayari inalinda haki ya mwenzi kukaa kwenye nyumba ya ndoa. Anachoambiwa mwanaume ni kwamba kwa mwaka mmoja au miwili atalala kwa kaka yake, umbali wa kupiga mluzi, ili mkono alioulevya kwa hasira usifike tena kwa mkewe. Kati ya watu wawili, mmoja kavunja na mwingine kavunjwa. Kwa nini anayefungasha mizigo awe aliyevunjwa?

Pingamizi zito kuliko hilo la ardhi ni la uhuru. Ibara ya 17 ya Katiba inampa kila raia uhuru wa kwenda atakako, na mtu aliyemaliza kifungo ameshalipa deni lake. Nalichukulia kwa uzito, ndiyo maana nasema amri itolewe na mahakama, baada ya mhusika kusikilizwa, kwa muda uliotajwa, na aweze kuomba ibadilishwe hali ikibadilika. Lakini Katiba hiyohiyo, Ibara ya 14, inasema kila mtu anayo haki ya kuishi "na kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake, kwa mujibu wa sheria." Maneno ni hifadhi kutoka katika jamii. Mtu anayekaa siku tatu juu ya debe mbele ya mwanamke aliyemvunja mkono anatumia uhuru wake wa kwenda atakako, na mwanamke yule katika siku hizo tatu hakuwa na uhuru wa kwenda hata chooni.

Wazee wetu watasema yamalizwe nyumbani. Sheria nayo inaruhusu: kwa makosa madogo ya kibinafsi, kama shambulio la kawaida, mahakama inaweza kuhimiza wahusika wapatane. Sina ugomvi na upatanisho unaotoka moyoni. Nimeshuhudia uliodumu. Lakini nimeshuhudia pia mwingi ambao jogoo alichinjwa, ulanzi ukanywewa, mwanamke akaambiwa "yaishe mama," na kilichoisha ni kesi. Upatanisho usio na mtu wa kuusimamia ni maneno ya mchana mmoja. Kama mahakama inaupokea, iupokee na masharti yake yameandikwa.

Bunge lingeweza kuliweka sawa kwa marekebisho mafupi: kifungu kimoja kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinachoruhusu mahakama, inapotoa adhabu, kuendeleza au kuweka masharti ya aina ileile inayoruhusiwa kwenye dhamana, muda ukihesabiwa tangu mtu anapotoka gerezani. Kosa la kutotii amri halali ya mahakama tayari limo kwenye Kanuni ya Adhabu, kwa hiyo afande angekuwa na jibu. Sambamba na hilo, gereza liwe na wajibu wa kutoa taarifa. Wafungwa hutoka kwa kupunguziwa theluthi, hutoka kwa misamaha ya Rais ambayo mara nyingi hutolewa kwenye sikukuu za taifa kama Muungano na Uhuru, na aliyeumizwa huwa wa mwisho kujua. Barua moja, au simu moja kwa mtendaji wa kata wiki mbili kabla, ingempa mama wa Uyole nafasi ya kujipanga. Yeye alijua alipoinua macho.

Wakati tukisubiri Bunge, hakimu wa wilaya anaweza kesho asubuhi kuanza kutumia dhamana ya kulinda amani na kuandika ndani yake majina ya mahali. Wakili wa Serikali anaweza kuiomba. Tunaosaidia watu mahakamani tunaweza kumwandaa mlalamikaji aje siku ya adhabu akiwa anajua la kusema kama ataulizwa.

Hilo la mwisho tulilifanya jioni ile, ingawa lilikuwa limechelewa miezi sita. Nilimuuliza: hakimu angekuuliza siku ile, ungemwambia aandike nini? Alifikiri kidogo, mkono wa kulia ukiushika ule wa kushoto pale ulipounganika vibaya. Kisha akaanza kutaja nami nikawa naandika nyuma ya karatasi ya daftari la mtoto. Sokoni asije siku za kazi. Shuleni asiwachukue watoto bila mimi. Kwa mama yangu asipite usiku. Akitaka kuongea, aje na kaka yake mkubwa, mchana, tukae nje.

Akaikunja karatasi ile akaitia kwenye bahasha, juu ya hukumu.